Kanda Nyeusi ya Lali

Walisema sitamaliza hata muhula mmoja. Fundi Athman, aliyekuwa akiunda mashua pale kisiwani Chovai, aliwaambia wenzake kwa sauti ya kutosha ili nisikie: "Shee akipata cheti, mimi nitavua nguru kwa kofia." Wengine walisema mikono yangu ni ya kuziba mashua kwa kalafati na haiijui kalamu. Wengine tena, na hawa walikuwa jamaa zangu, walisema mkimbizi hapati diploma, hupata mgao wa unga. Niliwasikia wote, na sikumsahau hata mmoja. Leo diploma yangu ya ufundi wa mitambo ya baridi imetundikwa ukutani, sebuleni kwangu, hapa Kismayo, ndani ya kioo, na mgeni hawezi kunywa kahawa yangu bila kuiona, kwa sababu kiti cha mgeni nimekiweka mkabala nayo kusudi. Barafu wanayolalia samaki wa Chovai, wa Ngumi na wa Burgao inatoka kwenye mashine zangu, nilizozifunga kwa mkono wangu, katika mji ambao wenye akili waliniambia nisirudi. Nayasema haya bila haya. Fundi Athman alifariki bila kuvua kwa kofia, Mungu amrehemu, na kumsamehe kulinichukua muda.

Lakini mwaka ninaotaka kuueleza si mwaka wa diploma. Ni mwaka wetu wa kwanza wa ukimbizi, nilipokuwa sina cheti wala kiti, tukiishi katika chumba cha miti na turubai kambini nje ya Mombasa. Mali yangu pekee mwaka ule ilikuwa chuki juu ya kanda moja ya muziki. Aliyenirudisha huko ni Zuhura. Tulipokuwa kambini alikuwa msichana mdogo wa kukimbizana na kuku. Juzi amekuja kutoka Ulaya, mama mzima mwenye miwani ya kusomea, kuona palipobaki pa kwao. Nilimpikia mwenyewe, kwa sababu hilo nalo naliweza: wali, nguru wa kukaanga, ndimu na bisbasi, pilipili kali ya kusaga. Tulipomaliza kunawa akatoa simu yake akaisimamisha ndani ya bakuli tupu ili sauti ikue.

"Kaka Shee, nimeipata."

"Umepata nini?"

"Kanda ya Lali. Yote, mwanzo hadi mwisho. Kumbe wenyewe wanaita roki ya gothiki. Kule ninakoishi kuna watu wanavaa nguo nyeusi kwa ajili yake."

"Mamako naye alivaa buibui maisha yake yote, wala hakuhitaji gitaa."

Akacheka mpaka miwani ikateremka puani. Halafu akaacha kucheka. "Nisiweke?"

"Weka. Mimi si mtu wa kuogopa wimbo," nikasema, na mkono wangu ukashika ukingo wa meza.

Lali alikuwa kaka yake Zuhura, na kwangu alikuwa zaidi ya kaka, kwani nilikulia kwao. Tulilala mkeka mmoja na tukapigwa kwa fimbo moja. Kabla ya vita alikuwa msaidizi katika ghala la baridi karibu na bandari ya Kismayo, chini ya fundi mmoja wa Kizungu aliyekuja kutengeneza mashine za barafu. Risasi zilipokaribia mji, Mzungu akafunga sanduku lake, na kile kisichoingia akampa Lali: redio kaseti yenye mshikio uliovunjika, na kanda moja. Kijalada chake kilikuwa cheusi, na katikati malaika wa jiwe ameinamisha kichwa juu ya kaburi. Siku ya kwanza nilipokiona nilimuuliza Lali malaika huyu amepatwa na nini. "Amechoka," akasema. "Wewe hujawahi kuchoka?"

Kanda ile niliichukia kwa dhati. Ngoma yake haikupigwa na mkono wa mtu. Ilikuwa ni mashine inayogonga bila kuvuta pumzi. Magitaa yalilia kama upepo kwenye mabati yaliyolegea misumari. Na juu ya hayo yote kulikuwa na mwanamume aliyeimba kana kwamba ameshateremshwa kwenye mwanandani wa kaburi na bado ana maneno ya kusema. Mimi nilikuwa mtu wa taarabu, na nyimbo za Kisomali za kinanda cha nyuzi kiitwacho kaban, na za Kihindi tulizozijua kwa kichwa bila kujua maana. Chumba tulichokaa mimi na Lali hapa Kismayo kilikuwa na dirisha dogo lililotazama jikoni, na kila Lali alipowasha redio, harufu ya vitunguu na sauti ya yule mtu viliingia puani na masikioni kwa pamoja, hata leo vitunguu vikiungua huwa namsikia.

"Lali, huyu anaumwa?" nilikuwa nikimuuliza.

"Anaimba."

"Basi apewe kitanda."

"Huna masikio, Shee. Isikilize ile ngoma. Haichoki."

"Hata pampu ya maji haichoki, na hujaniona nikiicheza."

Tulipokimbia, vitu vya maana viliachwa na redio ikachukuliwa. Sitaieleza safari, waliosafiri wanaijua, na wasiosafiri hawatakuja kuijua kwa maneno yangu. Nitasema tu kwamba visiwa vyetu vilikwisha kuporwa, kwamba mashua ilijaa kupita kiasi, na kwamba Mzee Famau, babake Lali, alikataa kupanda. Alisema nyumba ya mawe haiachwi kama kibanda cha nyavu. Tukamwacha Chovai, amesimama kizingitini na kanzu yake safi, na Bi Mwanaesha, mkewe, hakugeuka kumtazama, kwa sababu angegeuka angeshuka.

Miezi kadhaa baadaye, tulipokuwa tumeshazoea maharage ya mgao na foleni ya maji, Lali alisema anakwenda kumchukua babake. Palikuwa na mashua inayorudi Burgao kuchukua watu, na mwenye mashua hiyo alihitaji mtu anayejua mashine. Mamake hakumzuia. Alimfungia mikate katika kitambaa akamwekea mkono kichwani. Mimi nilimsindikiza hadi lango la kambi. "Shee," akaniambia, "usije ukanifutia kanda yangu ukaweka taarabu zako."

"Nitarekodi mbuzi," nikamwambia. "Mbuzi akilia itakuwa nafuu."

Akanipiga kofi la mgongo akaenda. Nimesoma, nimesafiri, nimesimama mbele ya wahandisi nikazungumza wakaandika, na neno la mwisho nililomwambia Lali lilikuwa mbuzi.

Kwa akina Lali kulikuwa na ada ambayo sijaiona imeandikwa popote: kitu cha msafiri hakilazwi. Mtu akiwa safarini, kikombe chake kinyweewe, kofia yake ianikwe juani na ikung'utwe, viatu vyake visogezwe kila siku visishike vumbi mahali pamoja. Kitu kikilala, husema wazee, humlaza mwenyewe. Basi Lali alipoondoka, Bi Mwanaesha alianza kunywea chai katika kikombe cha mwanawe, chenye ua jekundu lililofutika nusu, na kofia akaianika kwenye kamba. Siku ya pili, baada ya swala ya alasiri, aliketi mlangoni na ungo wa mchele mapajani, akaniita.

"Shee, niwekee yule mchu wa Lali." Mchu ndivyo tunavyosema mtu kwetu visiwani, na tangu siku hiyo mwimbaji yule hakuwa na jina lingine.

"Mama, ile kanda huipendi."

"Nimekuuliza ninachopenda? Weka."

Nikaweka. Yule mchu akaanza kuomboleza katikati ya kambi ya Waislamu, kuku wakakimbia. Bi Mwanaesha aliendelea kuchambua mchele, uso haukubadilika. Upande wa kwanza ulipokwisha akatikisa kichwa. "Masikini," akasema. "Mamake huyu yuko wapi?" Kisha, "Geuza upande wa pili."

Ikawa hivyo kila siku. Majirani walivumilia siku chache, halafu ulimi wa Mama Kombo, tuliyepakana naye turubai kwa turubai, ukafunguka. "Bi Mwanaesha, huyo ni nani? Analia kama ng'ombe aliyetumbukia kisimani!" Bi Mwanaesha akamjibu, "Ni mgeni wa Lali. Nawe wageni wako nawajua, nimewahi kuwasema?" Wanawake wa foleni ya maji wakacheka, na Mama Kombo mwenyewe akacheka kuliko wote. Maalim wa msikiti wa kambi naye alikuja, akakaa kwenye mkeka, akasifu chai, akazunguka maneno kwa adabu mpaka akafika. Alisema wamemfikia watu wakisema hapa kunapigwa muziki wa mashetani.

"Maalim," alisema Bi Mwanaesha, "mimi sielewi anachosema. Na wewe huelewi. Mungu anaelewa, na Mungu anajua namngoja nani." Maalim alimaliza chai yake akaenda zake, na hakuja tena kwa neno hilo.

Adui yetu hasa alikuwa betri. Redio ile ilikula betri kubwa nne, na kambini hakukuwa na umeme wala pesa ya anasa. Nilizianika juu ya turubai mchana zipate moto, nikaziuma, nikazigonga, zikaamka kidogo zikafa tena. Ndipo Bi Mwanaesha akaanza kukopa. Alikopa kwa Mama Kombo, kwa mshona viatu, na kwa Bibi Halima, kikongwe aliyekuwa haoni vizuri lakini hakulala bila tochi ubavuni. Siku moja alinituma kwa Maalim. Nilikwenda nikijua nitafukuzwa, na Maalim akaingia ndani akatoka na betri mbili za tochi yake ya alfajiri. Kila nilipotumwa, nilitumwa na maneno yale yale: "Sema ni za Lali. Lali akija atalipa." Na watu wakanipa, wengi wao wenyewe wakiwa gizani, kwa sababu aliyekopesha betri alikuwa ametia mkono wake katika kuja kwa Lali. Mama Kombo akaanza kunihimiza yeye: "Alasiri imepita, Shee, mbona ng'ombe wetu kimya?"

Betri za kukopa ni betri zilizochoka. Kadiri zilivyokufa, kanda ilikwenda polepole, na sauti ya yule mchu ikazidi kushuka mpaka ikawa mngurumo wa kitu kilicho chini ya ardhi. Ngoma iliyokuwa haichoki ikachoka. Mimi nililala kichwa karibu na redio ile, na nilikuwa nikiisikia hata ilipozimwa. Mchana nikaanza kutorokea mjini Mombasa, kwa fundi wa majokofu aliyenipokea kwa kazi ya kubeba, halafu ya kusafisha mabomba, halafu akaona kwamba ninachoonyeshwa mara moja sionyeshwi tena. Nasema hivi kwa sababu ni kweli. Vijana wa kambini walinicheka, wakaniita Injinia wa Barafu Isiyokuwapo. Niliwaacha wacheke. Kazini sikuisikia kanda ile, na kwa hilo tu ningefanya kazi bila malipo.

Sasa turudi sebuleni kwangu, na simu ndani ya bakuli. Wimbo wa kwanza ulianza, na nikamwambia Zuhura, "Punguza mwendo." Akaniambia haijaongezwa mwendo, ndivyo ilivyo. Ngoma ilikuwa nyepesi, karibu ya kuchezeka. Magitaa yaling'aa. Na yule mchu, aliyekuwa akilia kutoka mwanandani mwaka mzima wa maisha yangu, alikuwa na koo la kijana.

"Kaka Shee," alisema Zuhura polepole, "huyu ni mtoto."

"Ana umri gani?"

"Alipoimba hivi alikuwa sawa na Lali. Nimesoma."

Tuliisikiliza yote. Mimi ni mtu wa kutoa hukumu, na nitaitoa: wimbo wa pili ni mrefu bila sababu, wa tano ni mbaya na utabaki mbaya, na wa mwisho ni mzuri kuliko nyimbo nyingi nilizozipenda ujana wangu nikazicheza harusini. Sasa Kiingereza nakijua, nilikisomea, na hakuna shetani humo. Kuna kijana anayeona baridi na hajui pa kwenda. Lali alilisikia hilo bila kujua neno moja, katika mji wenye joto la kupasua mawe, kwa kuwa alikuwa akifanya kazi ndani ya ghala la barafu na kutoka na vidole vyeupe. Nilitaka kumwambia kwamba alisema kweli kuhusu ile ngoma. Nilitaka kubishana naye juu ya wimbo wa tano. Nina jibu zuri sana juu ya wimbo wa tano, na hakuna wa kumpa. Zuhura alikuwa amevua miwani na kuikunja mapajani. Tulikaa hivyo, watu wazima wawili, mpaka kahawa ikaota utando, na nikamweleza yale ambayo yeye, kwa utoto wake, hakuyaelewa.

Habari ilifika baada ya alasiri, kanda ikiwa katikati ya upande wa pili. Aliyeileta ni Bakari, mvuvi wa Ngumi aliyekuwa katika mashua ile ile. Alisimama mlangoni, amekonda, akapiga hodi, na kabla hatujamkaribisha akasema, "Kwani mmeshaambiwa?"

"Tumeambiwa nini?" aliuliza Bi Mwanaesha.

Bakari akatazama redio, akatutazama sisi. "Nimesikia kilio toka njiani," akasema. "Nikadhani mmeshaambiwa."

Ungo wa mchele ulibaki mapajani. Hakuna aliyeizima redio. Bakari aliketi akasema yote chini ya sauti ile iliyokuwa ikiburuta: kwamba Lali alifika Chovai akamkuta babake ameshazikwa na majirani, akabaki kumsomea khitma, kwamba wakirudi walisimamishwa karibu na Burgao na watu wenye bunduki waliotaka mashine ya mashua. Wengine walisema wapewe. Lali alichomoa plagi ya mashine akaitupa majini ili isiwake tena. Wakampiga risasi pale pale. Akazikwa Burgao, na Bakari mwenyewe alishuka kaburini kumpokea. Alipomaliza kusema, sisi sote tulimtazama Bi Mwanaesha, naye alikuwa akiitazama redio. Akangoja hadi upande wa pili ukaisha na kitufe kikaruka juu. Ndipo akalia.

Tulimswalia swala ya ghaibu uwanjani, na siku ya kumaliza matanga Maalim alisimama, kama ilivyo desturi, akatangaza: "Mwenye kumdai marehemu Lali bin Famau na ajitokeze, jamaa zake wamlipie." Uwanja ukanyamaza. Nilimwona mshona viatu anatazama vidole vyake. Nilimwona Mama Kombo kwenye upande wa wanawake anafunika uso. Jioni Bi Mwanaesha aliniita.

"Mbona hakusema mtu?"

"Wamesamehe, mama."

"Mchu akisamehe husema nimesamehe. Hawa wamenyamaza tu. Yule ni mwanangu, Shee, hatalala kaburini na betri za wachu."

Yule fundi wa Mombasa alikuwa ndio kwanza amenilipa ujira wa fundi badala ya ujira wa mbebaji. Pesa ile niliiwekea nia ya kujiandikisha masomo ya jioni, na sikumwambia mtu. Niliinunulia betri zote, mpya, zikiwa bado ndani ya karatasi zake, nikazitia kikapuni, na kesho yake asubuhi nikaanza kwa Mama Kombo kwa sababu alikuwa wa karibu na mwenye maneno, nikadhani itakuwa rahisi.

"Hizi za nini?" akaniuliza.

"Za deni, Mama Kombo."

"Deni gani? Mimi nilikopesha nikaambiwa Lali akija atalipa. Amekuja?"

"Hakuja."

"Basi mimi sidai. Nitamngoja mwenyewe." Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini uwanja ulinyamaza. Kuzipokea ilikuwa ni kukiri kwamba amekufa.

Tangu Bakari alipokuja nilikuwa nimebeba maji, nimetandika mikeka, nimepokea wageni. Sikuwa nimelisema neno lenyewe. "Haji," nikamwambia. "Lali haji, Mama Kombo. Pokea." Akazipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto, akaingia ndani.

Nikalisema tena kwa mshona viatu, aliyebisha, akasema ataonekana mtu wa aina gani. Nikalisema kwa vijana wawili kati ya waliokopesha, wale wale walionicheka na kuniita Injinia, na hawakucheka. Maalim hakuningoja niseme, alinyoosha mkono, akazitia mfukoni mwa kanzu, akasema, "Mwambie mamako, Lali yuko huru." Kila mlango mwingine nililisema, na halikuzoeleka ulimini.

Bibi Halima alikuwa wa mwisho, ndani kabisa mwa kambi, ameketi juu ya gunia jua la adhuhuri likimpiga miguuni. Hakubisha hata kidogo. Alinipa tochi yake nizitie mimi mwenyewe, akaipokea, akapapasa mpaka akapata kitufe, akakisukuma, akaielekeza tochi usoni pangu.

"Zinawaka?"

"Zinawaka, bibi."

"Basi nenda kamwambie Mwanaesha," akasema, akaizima, "kwamba nimelipwa."